Miaka Ambayo Haipo

Hapana, usinikatishe. Mama hakusoma, lakini mawe aliyajua. Leo hapa Mikumi nimepita wanapochimba mtaro, harufu ya udongo mbichi ikanirudisha Kidete, pale kilima kilipokatwa kupisha reli. Mama alikuwa anagonga kokoto, mimi nimekaa kivulini natafuna muwa.

Ukuta wa kilima ulikuwa wazi. Chini, matabaka ya mawe yameinama kama vitabu vilivyoegemeana. Juu yake, mengine yamelala sawasawa kama mikeka. Mama akapitisha kidole chake cheupe kwa vumbi pale yanapokutana.

"Haya ya chini nayo yalilala hivi. Yakainuliwa, mvua ikayala vichwa. Haya ya juu yamekuja baadaye sana. Hapa katikati kuna miaka haipo."

Mjomba, mdogo wake, alisimama pale na sururu; alikuwa ameshachimba mashimo mawili ya kisima, yote makavu, na nyumbani tulikunywa maji ya tope. Akacheka. "Dada, miaka inapoteaje? Imepanda treni?"

Mama hakucheka. "Weka kiganja hapa kwenye mstari."

Mjomba akaweka. Kikatoka kimelowa. Akabeba sururu yake, akaenda kuchimba nyuma ya ukuta ule.

Akayapata maji, na kisima kile watu wanakitumia mpaka leo. Juzi kwenye simu nimekuta wataalamu wa miamba wanasema vilevile alivyosema mama. Nilisoma kwa sauti, peke yangu.

Halafu wewe unasema mama alibahatisha. Kiganja chako umeshawahi kukiweka pale?