Mkasi wa Mama Vifungo

Mkasi ule alinyang'anywa mchana kweupe, mbele ya mafundi sita, na miaka mitano mizima uchungu wake haukumtoka. Aliyemnyang'anya ni wifi yake, mke wa kaka yake mwenye karakana ya ushonaji. Na kaka mwenyewe alikuwepo! Kakaa kama gunia la pumba, anachezea futi kamba.

Kisa ni mikono ya kushoto. Mashati kumi na mawili ya manesi, yote kayakatia mikono ya kushoto tu. Kosa la mwanafunzi hilo, si la mtu aliyeshika mkasi miaka kumi na minane. Wifi akapaza sauti: "Huyu kichwani hamna mtu! Kuanzia leo akae na vifungo." Jina likamganda, Mama Vifungo. Na kwenye ushonaji, asiyekata si fundi, ni kibarua wa sindano.

Lakini nani alimlewesha dawa? Huyo huyo wifi. Mama Vifungo alikuwa na ugonjwa wa wasiwasi tangu usichana: moyo unakimbia, jasho linamtoka, anaota balaa macho wazi. Wifi, ambaye hata homa hajui kuipima, ndiye aliyemnunulia vidonge vya kutuliza kwa muuza dawa mmoja, mpumbavu aliyevaa koti jeupe akadhani ndiyo elimu. "Meza, wifi, utulie." Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Akatulia kweli, kama maji mtungini. Akawa anasinzia na mkasi mkononi.

Alipochoka kudharauliwa akaenda kliniki, kwa daktari mwanamke mwenye sauti kavu.

"Hivi vya haraka," daktari akamwambia, "vinatuliza ndani ya nusu saa, lakini mwili unavizoea, unataka zaidi. Si vya kumeza miaka. Na usiviache ghafla, unaweza kuanguka kifafa. Tutavipunguza kidogo kidogo."

"Kuna vingine?"

"Vipo vya polepole, unameza kila siku. Mwanzoni tumbo litachafuka, hata wasiwasi unaweza kuzidi. Nafuu inakuja wiki ya nne, au ya sita."

"Na vile vya jirani yangu, vya moyo?"

"Vinazuia moyo kukimbia na mikono kutetemeka. Mawazo havigusi."

"Mimi mawazo ndiyo yanayonila, daktari. Nipe vya polepole."

"Sawa. Na uje tuzungumze, kidonge hakisikilizi mtu."

Wiki ya pili anatapika, na wifi huyo mlangoni, mikono kiunoni. "Si nilikwambia? Achana na takataka hizo. Vyetu vilikuwa vinafanya kazi saa hiyo hiyo!"

Hata moto wa mabua unawaka saa hiyo hiyo, mjinga yule. Mama Vifungo akatia uzi kwenye sindano, akaendelea na vifungo.

Wiki ya saba akaamka asubuhi, akakuta hakuna balaa linalomngoja. Miezi ikapita, vile vya haraka akavimaliza kabisa. Akaenda kudai mkasi.

"Fundi wa vidonge?" wifi akacheka. "Labda nife."

Kaka akakohoa. Ndio mchango wake huo.

Mpaka alipokuja mkuu wa manesi na jora la kitambaa, sare sitini. "Anakata nani?"

"Mimi, mama," wifi akadakia.

"Ulizokata wewe zinabana kwapa kama pingu. Zile za zamani alikata nani?"

Mafundi wote wakamgeukia Mama Vifungo.

"Huyo?" Wifi akashika kifua. "Mama, huyo mgonjwa wa wasiwasi! Anameza dawa kila siku!"

"Mimi mwaka wa tatu nameza," nesi akasema. "Na nachoma watu sindano kutwa nzima. Mwezi uliopita nilikuchoma wewe. Ulikufa?"

Fundi wa suruali akaangua kicheko, hakujali.

"Akate yeye, la sivyo nabeba kitambaa changu."

Hapo ndipo kaka alipokumbuka kwamba ana ulimi. "Mpe mkasi."

Wifi akautoa, macho ukutani. Mama Vifungo akaupokea, akalitandaza jora mezani, akachora kwa chaki bila haraka.

"Wifi, shika pembe hiyo. Kaza, kisiteleze."

Wifi akashika.