Gambuti za Ildefonce

Mwaka huo Perpetua alianza kwenda shambani na gambuti za marehemu mume wake, Ildefonce, na wanawake wa kikundi chake wakapata la kusema.

"Wifi, umemkumbuka kaka?" aliuliza Bonifasia, dada wa marehemu na kiongozi wa kikundi. "Basi vaa na koti lake, tukuamkie shikamoo!"

Perpetua alicheka pamoja nao. Hakuwaambia kwamba viatu vyake mwenyewe vilikuwa havimwingii tena. Tangu Krismasi miguu ilikuwa ikimvimba, na akibonyeza kifundo kwa kidole, kishimo kilibaki pale kwa muda kama kwenye udongo uliolowa.

Huko milimani juu ya Mbinga, shamba la maharage huchimbwa ngoro, yaani mashimo ya mraba yanayotapakaa mteremko mzima ili mvua isiburuze udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana. Wanawake hufuata na majembe, wakichimba katikati na kuyafukia majani hayo. Kazi huenda kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na wenyewe huiita ngokela. Asiyekwenda kwa wenzake, wenzake hawaendi kwake. Mwaka uliotangulia, Mama Victor alipokosa zamu kwa sababu ya kuuguza, Perpetua ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba shamba lake lirukwe.

Perpetua alikuwa mchimbaji hodari, na uhodari wake ulikaa ndani ya kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kujipaka, na siku hizi lilijaa vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wao huiita diklo. Kwa miaka kadhaa alimeza kimoja kila asubuhi kabla ya kushika jembe, kisha viwili. Wenzake pia aliwagawia, kama wengine wanavyogawa mahindi ya kuchoma, na wote walimsifu kwamba mkono wake hauna choyo.

Uvimbe ulipopanda hadi magotini, alishuka hospitali mjini. Daktari Herieth, binti aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba, alimwamkia, akampima shinikizo la damu, kisha akaagiza damu na mkojo vipimwe. Majibu yalipotoka, alisogeza kiti karibu.

"Mama, figo zako zimeumia. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa maji yaliyozidi. Zimebakiwa na nguvu chini kidogo ya nusu."

"Mbona haziniumi? Kinachoniuma ni mgongo."

"Mgongo unaumizwa na jembe, mama. Figo zenyewe huharibika kimya kimya. Shinikizo lako liko juu, pengine kwa miaka, nalo linazichosha. Na hiyo dawa ya mgongo inapunguza damu inayozifikia, hasa ukiimeza kila siku, halafu unashinda juani bila kunywa maji."

Perpetua alilitazama kopo lililokuwa mapajani mwake. "Zitapona?"

"Kilichokufa hakirudi. Lakini kilichobaki tukikitunza, kinaweza kukutumikia miaka mingi. Diklo uiache kabisa. Dawa ya shinikizo umeze kila siku, hata ukijisikia mzima. Punguza chumvi. Dawa za mizizi usiguse. Na urudi nikupime tena."

"Nisipoiacha?"

"Zikishindwa kabisa, damu itasafishwa kwa mashine, kila wiki, maisha yote. Na mashine hizo haziko karibu na shamba lako."

Ngokela ya wiki hiyo ilikuwa kwa Bonifasia. Perpetua alikwenda bila kumeza kitu. Alichimba mashimo machache, mgongo ukamkaza, akabaki ameegemea mpini.

"Lete kopo, wifi, tumeze tuendelee," alisema Bonifasia.

"Sina tena. Nimelimwaga chooni."

Akawaeleza yote: miguu, gambuti, na maneno ya daktari. Hakuna aliyecheka. Lidia, mdogo kuliko wote, aliuliza taratibu, "Na mimi ninayemeza kila siku?"

"Acha, ukapime damu na shinikizo. Mimi ndiye niliyekuzoesha, na mimi ndiye nitakayekusindikiza."

Bonifasia alipiga jembe chini. "Pole, wifi. Lakini sheria ni sheria: asiyechimba hachimbiwi. Mama Victor ulimhukumu wewe mwenyewe. Leo nikikusamehe, nitamtazamaje usoni?"

Mama Victor alikuwa pale pale, ameinamia shimo lake.

Bila ngokela, mteremko wa Perpetua usingechimbwa, na bila maharage, mwaka ungekuwa mrefu. Alitazama juu. Joakim, mume wa Bonifasia, alikuwa akifyeka na kulaza majani peke yake, maana vijana wote walikuwa wamekimbilia bodaboda. Kila siku wanawake walikaa wakimsubiri.

Alikata kijiti kirefu chenye panda, akapanda mteremko, akaanza kuvuta majani na kuyapanga mistari bila kuinama sana.

"Shemeji, hiyo ni kazi ya wanaume!" alisema Joakim.

"Kwani huoni nilivyovaa?"

Vicheko vilipasuka kule chini. Mama Victor ndiye aliyenyanyuka wa kwanza na jembe lake.

"Mistari imenyooka," alisema. "Tufuate."

Siku hiyo hawakusubiri majani hata mara moja. Jioni Bonifasia alisema kwa kununa, "Kwa leo tu. Tutaona."

Zamu ya Perpetua ilipofika, walikuja wote. Lidia alikuwa amepima; figo zake zilikuwa salama. Uvimbe wa Perpetua ulikuwa umepungua, ila alivaa gambuti zile zile, akatangulia juu na kijiti chake.

Wakati wa kula, Bonifasia alifunua bakuli la usipa, dagaa wa ziwani aliotumiwa na ndugu wa Mbaha, akalisukuma mbele ya wifi yake.

"Hawa sijawatia chumvi. Hawana ladha kabisa. Kula."

Perpetua alionja, akakunja uso, akachota tena.