Utando wa Doriane

Doriane aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akitoka Burundi akiwa na miaka minane, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake, Cansilde. Mama alimsomesha kwa kukaanga na kuuza maandazi. Miaka ishirini baadaye binti alikuwa mjini Mbarara, kwenye maabara ndogo ya Profesa Natukunda, akichora protini kwenye kompyuta. Alizichora namna ambayo, zikitiwa kwenye maji ya chumvi, zilijipanga zenyewe safu kwa safu, mithili ya matofali yasiyohitaji mwashi, zikawa utando mwembamba kuliko wa buibui. Juu yake seli za ngozi zilipata pa kushika. Ulikusudiwa kufunika majeraha ya moto. Michoro arobaini ilivunjikavunjika majini. Wa arobaini na moja ulishika.

Wiki ileile karai la mafuta yaliyochemka lilimpindukia Cansilde. Aliungua tumbo na mapaja, akaletwa hospitali ya Mbarara.

"Ile kitambaa unaniambiaga," alisema siku ya tatu, sauti imekauka, "unipatie."

"Bado, mama. Haijawekwa kwa mtu."

"Mimi si mtu?"

Doriane alikwenda kwa Profesa kuomba ruhusa. Natukunda hakumkaripia.

"Hata sungura hatujaanza," alisema. "Mwili wake ukiukataa, wewe ndiye utakayekuwa umemuua."

"Na tusipoweka?"

"Sitakuficha. Anaweza kufa hata hivyo."

Asubuhi iliyofuata Doriane alitoa kichupa chenye utando ule kwenye friji ya maabara, akakitia mkobani, akafika nacho mpaka mlango wa wodi. Muuguzi alikuwa akibadilisha bandeji. Mama aliuma shuka asilie. Doriane akaikumbuka ile michoro arobaini, jinsi kila mmoja ulivyopendeza kwenye kompyuta kabla ya kuvunjika. Akakirudisha kichupa maabara, ndipo akaenda kumwona mama.

"Umekuja nayo?"

"Hapana, mama."

Cansilde akageukia ukuta. Hakulaumu. Aliomba maji tu.

Siku ya tisa sumu ya vidonda iliingia kwenye damu, akafariki. Walimzika Nakivale, padri akasoma misa kwa Kirundi.

Miezi minne baadaye majibu ya kuujaribu utando kwa sungura yalitoka. Walikuwa sita, na vidonda vya wote sita vilikuwa vimefunga. Natukunda alivua miwani, akayafumba macho.

"Hukujua, Doriane. Wala mimi."

"Ndiyo, Profesa," alisema, akaendelea kuandika ripoti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kazi ile.

Jumapili alikwenda Nakivale kumweleza mjomba wake, Salvator, asije akayasikia kwa watu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ingemponya dada yangu?"

"Sijui, mjomba. Sungura si mtu."

"Lakini ulikuwa nayo mkononi."

"Nilikuwa nayo."

Salvator akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Doriane alikaa uani mpaka jua likamchoma, akingoja aitwe. Hakuitwa. Akapanda bodaboda kurudi stendi, na Jumatatu akaenda kazini.