Senene Kwenye Njia ya Mbio

Waliopanga mbio zile hawakuwa watu wa Kagera. Mpaka leo natamani nimkute mmoja wao barabarani nimuulize: nani aliwaambia muwashe taa usiku kucha, Bukoba, mwezi wa Novemba?

Taa zenyewe zilikuwa za bustani mpya ya michezo kando ya ziwa. Ndani yake kuna gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, treni ya watoto isiyokwenda popote, vikombe vikubwa ambavyo mtu anakaa ndani vinamzungusha mpaka atapike, twiga na tembo wa saruji, na kasri la mabati lililopakwa rangi ya waridi. Wenye bustani ndio waliogharamia mbio, kwa hiyo walitaka zipite kwao. Marathoni nzima waliigawa katika mizunguko minne ya mji. Kila mzunguko tuliingia bustanini kwa geti la mbele, tukapita katikati ya hayo madude yote, tukatoka kwa geti la nyuma kuelekea Bilele, sokoni, upande wa bandari, kisha tukarudi tena kando ya ziwa.

Mimi sikujali tungepita wapi. Wangesema tupite juu ya paa za watu ningepita. Nilichotaka ni kuwa katika kumi wa kwanza.

Kocha mmoja kutoka Arusha alikuwa amekuja kutazama vijana. Siku ya kuchukua namba alitukusanya akasema kumi wa kwanza atawachukua kambini kwake, walale huko, wale huko, wafundishwe kukimbia kama kazi. Kijana mmoja akauliza, "Na wa kumi na moja, mwalimu?" Kocha akajibu, "Huyo nitampigia makofi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeanza kuiona kambi yenyewe kichwani, mpaka kitanda.

Nyumbani kwetu ni Kanazi, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Shuleni nilikuwa najua majibu mengi lakini nikiinuliwa nisimame yanapotea, na walimu wakachoka kuniinua. Baada ya shule kazi yangu ikawa kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima kwenda kwa wanunuzi. Kurudi, baiskeli ikiwa tupu, sikuipanda. Niliikokota nikikimbia pembeni yake. Nilipenda hivyo. Mtu ukiwa unakimbia hakuna anayekusimamisha akuulize habari za nyumbani, za shule, na kwa nini huongei.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja tu wa mazoezi, kijana wa visiwani Muleba. Baba yake alihamia huko kuvua dagaa, akitokea mkoa mwingine, na kijana alikuwa akivuka na samaki kuja nchi kavu. Tulikutana kwenye mbio za majaribio pale Muleba mjini. Alikuwa anaongea kwa niaba yetu wawili, jambo lililonifaa sana. Mazoezini nilikuwa namwacha nyuma kila mara na hakukasirika. Alisema, "Wewe kimbia, mimi nitaongea na waandishi wa habari."

Usiku wa kuamkia mbio nililala Bilele kwa shangazi yangu. Ni dada mkubwa wa baba. Baba yangu ni mtu mzima mwenye mvi, lakini akiitwa na dada yake huyu huinuka kwanza, ndipo aulize anaitiwa nini. Sisi watoto tumelelewa tukiona hivyo.

Alinipikia ndizi na maharage akakaa kunitazama nikila.

"Hizo mbio zenu mnakimbia mnaenda wapi?"

"Tunazunguka mji, shangazi."

"Mkishauzunguka?"

"Tunazunguka tena."

"Mpaka saa ngapi?"

"Tukianza saa kumi na mbili, labda mpaka saa tatu."

"Waitu!" akasema. Hilo ndilo neno letu la Kihaya la kumwambia mtu kwa heshima, ila yeye hulitumia pia akishangaa. "Asubuhi yote hiyo? Hao watu kwao hakuna kibanja cha kulima?"

Alfajiri niliamshwa na jirani aliyekuwa anapiga mlango kama nyumba inaungua. "Mama! Zimeanguka! Bustanini kwenye mataa! Nyasi hazionekani!"

Mtu wa kwetu haulizi ni nini kimeanguka. Ukifika msimu wa mvua senene, wale panzi wa kijani tunaowala, huja usiku kwa makundi, na wakiona mwanga mkali wanaushukia. Wanaowatega hufunga taa kubwa na mabati kwa makusudi, wanangoja wiki nzima. Na hapa watu waliotaka tu kufunga vitambaa na spika za mbio walikuwa wamewasha mataa yote ya bustani, na gurudumu, na kasri, mpaka kulipokucha. Shangazi alikuwa ameshavaa kanga ya pili kiunoni na kushika mfuko wa salfeti kabla sijapata kiatu cha pili. Tulitoka pamoja. Njia nzima alinipita.

Mvua ndogo ilikuwa inanyunya na ziwa halikuonekana kwa ukungu. Kwa baridi ile senene hawaruki, wanakaa tu kwenye nyasi wakingoja jua. Mzunguko wa kwanza niliona watu wachache wameinama pembeni mwa njia. Wasimamizi waliwafukuza kwa filimbi, wakasogea, filimbi iliponyamaza wakarudi. Pale kwenye twiga kulikuwa na mtu aliyevalishwa vazi la sungura, mkubwa kuliko mtu, kazi yake kutupungia mkono na kugonganisha viganja na sisi. Alinigonga kiganja. Nilikuwa kama wa ishirini na nilijisikia vizuri.

Mzunguko wa pili mji mzima ulikuwa umeshapata habari. Sijui niseme vipi ili mtu wa mbali anielewe. Wamama wenye ndoo, watoto wa shule wenye sare, waendesha bodaboda walioacha pikipiki zimelala, mzee mmoja mwenye chandarua, wote ndani ya njia yetu. Wengine walikuwa wamekaa kwenye treni ya watoto wakinyonyoa mabawa. Wasimamizi waliacha filimbi. Mmoja nilimwona amelivua koti lake la kung'aa, akalitandika chini, anawakusanyia humo. Na yule sungura alikuwa amekivua kichwa chake, akakigeuza chini juu, kimejaa senene mpaka masikioni.

Ilibidi tukimbie huku tunaruka migongo ya watu. "Njia! Njia!" walipiga kelele wenzangu. Mimi sikuweza kupiga kelele. Niliwazunguka, na kila kuzunguka ni hatua za bure, na miguu inakumbuka kila hatua unayoipoteza. Wakimbiaji wawili wa Bukoba mjini waliinama kabisa wakajaza mifuko ya kaptula kisha wakaendelea. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Kwa miezi yote niliamka gizani, nikakimbia peke yangu kwenye matope ya Kanazi, na sasa nazuiwa na kitoweo.

Hata hivyo hasira ilinisaidia. Kule sokoni na bandarini, ambako njia ilikuwa wazi, nilipita watu mmoja baada ya mwingine. Tulipokaribia kuingia bustanini mara ya tatu, mtu wa pikipiki aliyekuwa akitusindikiza aliniambia, "Wa tisa wewe! Kaza!" Kijana wa Muleba alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Kifua hakikuniuma. Nilijua naipata.

Nikaingia kwa geti la mbele.

"Wewe! Mtoto wa kaka!"

Alikuwa katikati ya njia kabisa, chini ya tembo wa saruji, ameukumbatia ule mfuko wa salfeti ambao sasa ulikuwa mnene kama mbuzi.

"Shangazi, niko kwenye mbio." Nilisema hivyo kweli, ila kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Njoo ushike mdomo wa mfuko. Mikono yangu miwili, nikiweka wanatoka, nikifunga siwezi kuweka."

"Shangazi..."

"Si uliniambia mpaka saa tatu? Sasa hivi hata saa mbili haijafika. Una haraka ya kwenda wapi?"

Wamama waliokuwa naye wakaangua kicheko. "Mwache, ana aibu huyo!"

"Aibu ya nini na mapaja yote yako nje?"

Mtu mwingine angepita. Kijana wa Muleba alipita, akanigeukia usoni kwa mshangao, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Mimi nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu ilisimama yenyewe, kama baba anavyoinuka. Nilichuchumaa nikashika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, yeye akawa anawazoa kwa kanga na kuwamwaga, anawazoa na kuwamwaga, huku akiwaeleza wenzake kwamba huyu ndiye mtoto wa kaka yake, mtaratibu, hana maneno. Jasho langu lilidondokea ndani. Wakimbiaji walipita kushoto na kulia. Sikuwahesabu, niliangalia chini.

"Haya, nenda mwanangu," akasema alipomaliza kufunga. "Umeona? Imekuchukua muda gani?"

Nilipojaribu kuinuka, msuli wa nyuma ya mguu ulikaza kama kamba ya ng'ombe. Nilitoka bustanini nachechemea, na nilifika Bilele bado nachechemea.

Mzunguko wa mwisho sina mengi ya kuusema. Jua lilitoka, senene waliobaki wakaruka, watu wakaenda zao. Bustani ilikuwa tupu na nyasi zimelala, na njia yote imekuwa ya kuteleza kwa senene waliokanyagwa. Ndio wakati njia ilipokuwa wazi, na hapakuwa na kitu cha kuzuia mtu. Mguu ulipolegea kidogo niliwapita baadhi ya wakimbiaji walionitangulia. Nilipita mmoja hata kwenye hatua za mwisho kabisa, karibu na lile kasri.

Nikawa wa kumi na moja.

Kocha alipiga makofi kama alivyoahidi. Nadhani hakukumbuka alichosema, alikuwa anawapigia wote. Kijana wa Muleba alikuwa wa nane. Alinijia amejifunga taulo shingoni.

"Ulikuwa mbele yangu. Ulienda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Shangazi gani? Yule mama wa mfuko?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniangalia akaacha kucheka, na hilo la kuacha kucheka ndilo lililoniuma.

Shangazi sikumwambia. Aliambiwa na jirani, ambaye aliambiwa na mtoto wake. Jioni, alipokuwa ananyonyoa senene, aliacha mikono yake ndani ya beseni akaniuliza, "Kumbe palikuwa na kumi tu?"

"Kumi tu."

"Na hukusema?"

Akaendelea kunyonyoa, lakini polepole.

Asubuhi alikaanga senene kwa chumvi na kitunguu, akajaza makopo mawili, akaniambia nivae viatu. Tulimkuta kocha kwenye nyumba ya wageni anakunywa chai. Shangazi hakukaa.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Huyu jana alisimama kwa sababu nilimwita mimi. Asingesimama angekuwa mtoto wa namna gani? Mhesabie."

"Mama," kocha akasema kwa upole, "nafasi ni kumi. Nikimwingiza huyu lazima nimtoe mwenzake. Nimtoe nani?"

Shangazi alifikiri kweli kweli. Niliogopa atamtaja mtu. "Hapana, usimtoe mtoto wa watu," akasema mwishowe, akaweka kopo moja mezani. "Haya, kula."

Kocha alionja mmoja kwa shaka, kisha akala wachache, kisha akavuta kopo karibu. "Kijana," akaniambia akiwa anatafuna, "mwakani njoo tena. Lakini mbio hazina shangazi." Niliona watu wa meza ya pili wakitabasamu. Nilitaka kumwambia kwamba huko kwao labda.

Kopo la pili lilikuwa la baba. Kila msimu senene wa kwanza wa shangazi lazima wafike Kanazi, na mwaka huo mimi ndiye niliyekuwa naelekea huko. Alinisindikiza mpaka mwisho wa nyumba za Bilele. Nilikuwa nimebeba maneno kifuani tangu jana na yalikuwa mazito kuliko lile kopo.

"Shangazi."

"Sema."

"Mwakani nikikimbia, usiniite."

Alisimama. Sidhani kama mtoto yeyote wa kaka yake amewahi kumwambia hivyo. "Hata zikianguka?"

"Hata zikianguka."

Halafu akarekebisha kanga yake begani. "Sasa mfuko nitashikiwa na nani?" akauliza, na ninavyomjua, hakuwa ananitania, alitaka kujua.

Nikashika kopo vizuri chini ya kwapa, nikaanza kukimbia kuelekea Kanazi. Mguu bado ulikuwa unauma.