Kinanda Kisichosema La

Mawingu yalikuwa yameketi juu ya mapaa ya mtaa kama mgeni asiyejua kuaga. Hayakuleta mvua ya maana, ile ya kishindo inayomwaga yote na kwenda zake. Yalichuja manyunyu tu, asubuhi hadi jioni, yakanyamaza kidogo kana kwamba yanavuta pumzi, kisha yakaendelea. Taa ziliwashwa mchana. Gundi haikukauka. Rekzini, ile ngozi bandia ya makochi, ilitoka jasho kama mtu mwenye homa. Na fundi makochi, ambaye karakana yake ilikuwa ndiyo sebule yake, aliishi katikati ya makochi ya watu mfano wa mlinzi wa ukumbi ambao sherehe yake imeahirishwa.

Makochi yalikuwa tayari, lakini wenyewe hawakuja kuyachukua. Hakuna dereva aliyethubutu kuteremsha gari katika ua ule wa udongo wa mfinyanzi. Ukikanyaga, ulikushika kiatu; ukivuta, ulibaki na mguu mtupu.

Ua huohuo ndio uliomvunja mkewe kifundo cha mguu, siku alipokuwa akiwahi mazoezi ya kwaya. Tangu hapo alilala sebuleni, kwa kuwa chumbani kulivuja, juu ya kochi la mteja la rangi ya maharage, mguu wenye plasta ukiwa umepandishwa juu ya mto. Magongo aliyopewa hospitali aliyajaribu mara moja tu. Yalizama uani kama vijiko katika uji, naye akarudi ndani kwa kutambaa, akicheka kwanza, kisha akilia, kisha akikataa kuulizwa.

Mambo yangeendelea hivyo bila haraka, kama si ujumbe wa mwalimu wa kwaya. Kwaya ilikuwa imealikwa mji mwingine, ikaimbe huko kwa majuma kadhaa. Atakayefika mazoezini Jumamosi atasafiri. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwenzake. Na nafasi ya mke wa fundi haikuwa ya kusimama nyuma na kufungua kinywa. Wimbo wa tatu ulianza kwa sauti yake peke yake. Akikosekana, sehemu ile ingechukuliwa na mke wa mfamasia.

"Ana sauti nzuri sana yule," alisema mke wa fundi akitazama dari. "Nzuri sana ya kuitia watoto waje kula."

"Lakini mguu wako haujapona."

"Kwani mimi huimba kwa kifundo? Nitaimba nimekaa. Nifikishe tu barabarani, teksi inanimalizia. Kutoka hapa hadi barabarani ni pua na mdomo."

"Tutaona," alisema fundi.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Wateja walimjua kwalo. Aliyetaka kochi lake wiki ileile aliambiwa tutaona. Aliyetaka kitambaa kisichopatikana, tutaona. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuna aliyewahi kumsikia akimkatalia mtu waziwazi, na wengi walidhani huo ni upole. Mwenyewe hakuwa na hakika ni nini.

Ili siku zisiwakabe koo, walikuwa na kinanda. Kilikuwa kidogo, cha betri, kilichosahauliwa na mteja aliyehama. Unyevu ulikuwa umekiua kitufe kimoja, na mke, aliyesomea muziki kwa do-re-mi ya kwaya, aligundua mara moja ni kipi. Kila jioni alimfundisha mumewe wimbo wa tatu, na kila jioni wimbo ulifika mahali palepale ukaruka shimo.

"Do, re, mi, fa, so..." Fundi alibonyeza. Kimya. "Ti, do."

"La!" mke aliimba kutoka kwenye kochi, akiziba pengo. "Hakijui kusema la hicho kinanda. Kimemfuata mwenyewe."

Fundi alicheka. Ulikuwa utani wa kila siku, na kila siku ulimchoma mahali padogo ambapo hakupachunguza.

Siku moja, akipekua simu kwa uchovu, aliona filamu fupi ya mtu aliyekaa juu ya duara la mbao akiteleza bila magurudumu. Chini ya duara palikuwa na turubai lililojazwa upepo na mashine. Upepo ulivuja chini yake, na chombo kizima kikaelea juu ya hewa yake chenyewe. Akaitazama tena. Akaiwasha upya. Plaiwudi alikuwa nayo, turubai alikuwa nalo, pini alikuwa nazo, na blowa ya kupulizia vumbi la makochi makuukuu ilikuwa imekaa kona siku nyingi haina kazi.

"Mke wangu," alisema, "hutakanyaga udongo. Utapita juu yake."

Mke aliegemea kiwiko. "Hebu nieleze tena, maana hakijanielea."

"Subiri kielee chenyewe, ndipo kitakuelea."

Basi akaanza. Alichora duara kwa chaki juu ya plaiwudi, akalifuta, akalichora kubwa zaidi. Mapana ndiyo salama, alieleza. Chombo chembamba kitapinduka. Alishona turubai kwa sindano kubwa ya makochi, akalipiga pini pembeni, akalitoboa matundu chini, akaibana blowa ukingoni. Nyumba iliyokuwa imenyamaza ikaanza kunukia vumbi la mbao. Mke alikuwa akimpa kipimo cha mapigo kwa kugonga gongo sakafuni, naye akipiga pini kwa kuyafuata, wakawa kama bendi ya watu wawili wasio na wimbo. Fundi alijikuta akiamka mapema. Aliogopa kidogo jinsi alivyokuwa na furaha.

Shemeji yake, kaka wa mke, kinyozi wa mtaa wa juu, alifika akiwa na mifuko ya plastiki miguuni.

"Dada, hujambo? Na hii nini, shemeji? Meza ya harusi?"

"Ni chombo cha kuelea."

"Kuelea wapi?"

"Uani."

Kinyozi alilizunguka lile duara kama anayetafuta pa kuanzia kunyoa. "Na hili turubai linaloning'inia?"

"Hiyo inaitwa sketi," fundi alisema kwa heshima ya kazi.

"Sketi! Dada, mumeo anashonea meza sketi na wewe umelala tu unamwangalia?" Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, si mimi na wewe tumbebe tu? Wewe huku, mimi huku. Dada mwenyewe mwepesi."

"Mwepesi ni nani?" mke aliuliza.

Fundi aliokota pini iliyoanguka, akaitafutia tundu. "Tukiteleza je? Avunjike na mwingine? Tutaona, shemeji. Hiki kinakaribia kwisha."

Kinyozi aliinua mabega, akavaa mifuko yake, akaondoka akiahidi kuja Jumamosi kushuhudia meza ikipaa.

Ijumaa mchana, chini ya mwanga wa taa, fundi alikifunga kigoda katikati ya duara, akamkalisha mkewe, mguu wa plasta ukanyooshwa juu ya mto uliofungwa kamba. Akawasha blowa. Turubai lilijaa, likanguruma, likajitikisa kama kuku anayejipangusa, na duara likanyanyuka. Halikunyanyuka sana, mtu asiyejua angesema limestuka tu. Lakini fundi aliweka kidole kimoja kwenye ukingo, akasukuma, na mkewe akateleza sebule nzima, kutoka kochi la maharage hadi cherehani, pasipo kukwaruza sakafu.

"Wewe!" alipiga kelele. "Wewe mtu wewe! Kimeelea!"

Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa, akasikiliza. Blowa ilikuwa na mlio mmoja, mrefu, usiopanda wala kushuka.

"Unasikia? Ni la hiyo. La yetu iliyopotea."

Akaushika mlio ule kwa sauti yake, kwanza kwa mdomo uliofungwa, kisha kwa kifua kizima, akauimba mwanzo wa wimbo wa tatu juu yake. Tangu aanguke hakuwa ameuimba wote. Fundi alimzungusha taratibu kati ya makochi, mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti ikawa inamkaribia na kumwacha, ikamkaribia na kumwacha. Laiti ingewezekana, angeliacha duara lile lizunguke mpaka mawingu yachoke. Wazo hilo lilimpita, naye akalisukuma kwa kidole, kama alivyosukuma chombo.

Jumamosi kinyozi alifika mapema, na teksi ikasimama barabarani ikipiga honi. Mke alikuwa amevaa gauni la kwaya na kofia ya plastiki juu ya nywele. Fundi alichomeka waya mrefu wa umeme, akawasha, akasukuma. Chombo kilielea kwa adabu hadi mlangoni, kikagonga fremu ya kulia. Akakirudisha, akakilenga. Kikagonga ya kushoto. Mara ya tatu kikagonga zote mbili.

Fundi alizima blowa. Turubai lilishuka kwa mkoromo.

Hakuna mteja aliyepata kuagiza kochi kwake bila kuulizwa swali moja kabla ya rangi, kabla ya kitambaa, kabla hata ya kukaribishwa kiti. Mtaa mzima ulilijua. Watoto walimwigiza nalo wakicheza. Alikuwa akisimulia kwa dharau habari za mafundi waliotengeneza makochi yaliyobaki nje yakinyeshewa.

Kinyozi alijitahidi. Alibana midomo, akatazama juu, lakini haikuwezekana.

"Shemeji," alisema, machozi yakimtoka, "ulipima mlango?"

Alicheka mpaka akajishika ukutani. Mke hakucheka. Alikaa juu ya kigoda chake katikati ya mlango, nusu ya uso ikiwa na mwanga wa taa na nusu nyingine ikiwa na rangi ya majivu ya nje, akimtazama mumewe kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Kaka, kamwambie dereva asubiri," alisema.

Kinyozi alipotoka, mke alisema polepole, "Hukupima."

"Nilisahau."

"Wewe? Usahau mlango?"

Fundi aliitazama futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake, palepale ilipokuwa siku zote zile. Alitaka kusema kwamba ni haraka, ni giza, ni mapana ya usalama. Lakini alikumbuka alivyolifuta lile duara la kwanza. Duara la kwanza lingepita.

"Sijui," alisema. "Labda sikutaka kujua."

"Mtu mwingine angesema la. Usiende, mke wangu, nyumba itakuwa kubwa bila wewe, basi. Ningekasirika, tungegombana, yangeisha. Wewe badala ya kusema la umeniundia meza yenye sketi." Sauti yake haikuwa na ukali, huenda ndiyo maana ilimfika. "Kitu cha kuzunguka humuhumu ndani. Sasa kimenielea."

Honi ililia tena. Fundi alisimama mikono ikiwa imekosa mahali pa kuwekwa. Lile neno lilikuwa kinywani mwake wakati huo, fupi, tayari. Usiende. Na alijua kwamba akilisema sasa, mkewe angebaki, kwa huruma, au kwa uchovu tu, na angeimbia dari.

Akaenda kona, akarudi na mtaimbo.

Mlango ulitoka kwenye bawaba kwa urahisi. Fremu ilikataa, ikalia, ikang'oka pamoja na kipande cha plasta ya ukuta na misumari iliyopinda. Baridi iliingia sebuleni moja kwa moja, na manyunyu yakafuata, yakatua juu ya kochi la maharage. Kinyozi alirudi mbio aliposikia kishindo. Waliweka ubao kwenye kizingiti, blowa ikawashwa, na chombo kikatoka nyumbani kikiwa na mke juu yake, mwavuli mkononi, kikateleza juu ya udongo ule mbaya bila kuugusa. Dereva wa teksi alishuka kutazama.

Katikati ya ua waya ulikaza kama kamba ya mbuzi. Plagi ikachomoka ndani. La ikakatika. Chombo kikaketi matopeni.

"Sasa nibebeni," alisema mke.

Wakambeba, fundi huku, kinyozi huku, mguu wa plasta ukitangulia mbele kama bendera. Hatua zilikuwa chache. Hakuna aliyeteleza. Ilichukua muda mfupi kiasi kwamba fundi aliona aibu.

Mke akiwa ndani ya gari alishusha kioo. "Nawe panda. Njoo unisikilize."

Fundi aligeuka. Nyuma yake nyumba ilikuwa imeachama, makochi ya watu yakionekana hadi ndani, cherehani, kinanda, kila kitu.

"La," alisema. "Siwezi. Hakuna mlango."

Mke alimtazama, kisha akacheka, kicheko kile cha kwanza kabla ya kilio siku ya magongo, lakini safari hii hakikugeuka. Kinyozi alikaa mbele, na teksi ikaondoka.

Fundi alikikokota chombo hadi ndani, akaichomeka plagi tena. Alisogeza makochi mbali na mwanya, akaning'iniza kipande cha turubai mahali pa mlango. Upepo ukawa unakijaza na kukiachia. Kisha akakaa juu ya kigoda, kinanda mapajani, akaanza wimbo wa tatu. Do, re, mi, fa, so. Alipofika kwenye shimo alisimama, akanyoosha mguu, akawasha blowa kwa kidole gumba. Chombo kilinyanyuka naye, kikatafuta mteremko wa sakafu, kikampeleka polepole mpaka ukutani, kikagota hapo.