Kaka Alipopewa Cherehani

Kaka yangu alipotoka jela, sisi tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara ya kutoka Singida kwenda Shelui, na ilimbidi aulize watu njia ya kwenda kwa mama yake mwenyewe. Alifungwa kwa wizi wa ng'ombe, yeye na vijana wenzake, wakati mimi bado nachunga mbuzi. Aliporudi alinikuta mwanamke mzima, sijaolewa, nimebaki na mama baada ya baba kufa. Nalima, nachota maji, na jioni namkanda mama miguu iliyokuwa ikimsumbua.

Mama alimchinjia jogoo. Mimi nilipopona malaria iliyonilaza karibu msimu mzima wa mvua, nilikorogewa uji wa uwele. Nililikumbuka hilo nikiwa nimechuchumaa nje, namnyonyoa yule jogoo, huku nikiwasikia ndani wanacheka. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka namna ile tangu msiba wa baba.

Hilo la jogoo ningelisahau. La cherehani ndilo lililoniuma.

Cherehani hiyo ilifika kijijini kabla yake. Aliileta bibi maendeleo, mama wa serikali aliyekuwa akija na Landrova kutufundisha wanawake usafi, mapishi ya watoto na kufuma. Aliiacha ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, ikisubiri apatikane mtu wa kuitumia. Katika wanawake waliokuwa wakifuma vitambaa, mimi ndiye niliyeitwa mbele nionyeshe wengine. Hakuna aliyeniahidi kitu, lakini moyoni nilishaichukua. Nilikuwa napita ofisini kuifuta vumbi bila kutumwa na mtu.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akamsimamisha kaka mbele ya watu wote.

"Huyu kijana amefundishwa kushona huko alikokuwa," alisema. "Tukimwacha akae bure, sisi wenyewe ndio tutakaomrudisha kule. Atashona sare za watoto wa shule, na tutamtazama mpaka mavuno. Cherehani asiiguse mtu mwingine, ili kikiharibika kitu tujue wa kumuuliza."

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi karibu nami, machozi yanamtoka, akanishika mkono. Niliutoa taratibu nikajifanya nafunga kanga vizuri.

Nilijiuliza jambo moja tu, na nililiuliza kwa siku nyingi: mimi ambaye sikuiba ng'ombe wa mtu, nani alinifundisha kazi?

Wakamweka kwenye baraza ya duka la ushirika. Haukupita muda akawa "fundi". Watu waliokuwa wakifunga milango siku za kwanza akipita, sasa walimpelekea maji ya kunywa. Mimi nikawa "dada yake fundi". Nikienda kisimani nilizunguka nyuma ya shule ili nisiisikie ile mashine.

Kisha sare zikatoka. Zilikuwa zimeshonwa imara, mshono umenyooka kabisa, lakini kaptura zote hazikuwa na mifuko. Mwalimu alipomuuliza, kaka akainamisha kichwa. Nguo za wafungwa hazikuwa na mifuko, na hizo ndizo alizozishona miaka yote. Habari ilinifikia shambani, na sitasema uongo, siku hiyo nilipalilia kwa raha.

Baada ya hapo mke wa mwenyekiti akampelekea kitenge kipya amshonee gauni. Kaka alikata mbele na nyuma sawasawa, kama gunia. Mama wa watu alipolivaa, halikupita kifuani. Jioni ile kaka alinikuta jikoni nasonga ugali. Alikaa kwenye kigoda.

"Mdogo wangu, mimi sijawahi kumshonea mwanamke," alisema. "Wewe unajua nguo ya mwanamke inavyokaa mwilini. Nikatie."

"Mwenyekiti alisema kazi ni yako."

"Alisema cherehani ni yangu. Mkasi hakuutaja."

Niliendelea kusonga. Nikamwambia, "Nitakata. Lakini nitakachokikata nitakishona mimi mwenyewe."

"Unajua katazo lake."

"Basi vaa hilo gunia wewe."

Alicheka, kisha akaanza kukohoa. Ndipo nikajua kwa nini alipewa kushona huko jela: kifua kilimzidi, hakuweza kulima na wenzake, wakamkalisha kwenye cherehani. Alinieleza hivyo huku akifuta macho kwa moshi wa jikoni. Nilimsikiliza, na bado niliitaka mashine.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti. Tulimwamkia, akaitikia, akatusikiliza bila kuinua uso. Kaka ndiye aliyesema: dada yangu akikata na kushona mbele yangu, kikiharibika nitaulizwa mimi. Mwenyekiti alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mke wangu amenisumbua sana kwa hilo gauni," alisema. "Haya, kaeni wote."

Ndivyo nilivyopata kukaa kwenye cherehani ile. Kaka alinifundisha kukanyaga, kutunga uzi, kusikiliza sindano kabla haijavunjika. Alikuwa mwalimu mwema kuliko nilivyotaka awe. Lakini wanawake walipokuja kuchukua magauni yao, magauni niliyoyapima mimi, nikayakata na kuyaunga, walimwambia yeye: "Asante, fundi." Naye mara nyingi alisema, "Mshukuruni dada." Walicheka, wakadhani ni unyenyekevu wake. Nilimwonea wivu hata unyenyekevu.

Baada ya mavuno bibi maendeleo alirudi. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenda Singida mjini, kuzidishiwa ujuzi na kisha kupewa kazi. Alishika gauni langu moja, akaligeuza ndani nje, akauliza nani amelishona. Kaka alinionyesha kwa kidole. Mama yule akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia mwenyekiti. Waliongea pembeni. Aliyekwenda ni kaka. Walitaka watu waone kwamba mfungwa anaweza kutengenezeka, na mimi nilikuwa sina cha kutengeneza.

Nikabaki na cherehani. Kitu nilichokililia kikawa changu peke yangu, na siku ya kwanza nilipokaa nacho macho yangu yalikuwa barabarani, kwenye lori lililombeba.

Mjini alipata kazi kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja muuza nguo. Alikuja nyumbani sikukuu, na viatu vya ngozi, na kanga ya mama, na mkasi mzuri wa kwangu. Mama alichinja tena. Nilipomsindikiza kuangalia shamba, nilimuuliza mjini kukoje. Nilitaka aseme ni kuzuri ili niumie vizuri.

"Tajiri ananiweka mahali anapoiona mikono yangu," alisema. "Akitoka kula, mtoto wake anakuja kukaa. Na wateja hawanijui. Kila akija mpya, najiuliza kama ameshaambiwa. Hapa mlinijua wote, mkanisema mpaka mkachoka. Wakati mwingine nakaa pale nakuonea wivu."

Nilimtazama yeye, na viatu vyake vilivyojaa vumbi letu. Nilimhurumia, lakini huruma ile haikuufukuza wivu, vilikaa pamoja. Nikamuuliza wanawake wa mjini siku hizi wanapenda mikono ya gauni ya namna gani. Akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye tuta la viazi, akaanza kunichorea.