Saa ya Kiume ya Odile

Msiniambie habari za fasheni mimi! Nimekaa benchi moja na Odile Perrenoud miaka ishirini na tisa, kwenye kiwanda cha saa hapa Le Locle, tukifunga kamani nyembamba kuliko unywele ndani ya saa za kike. Saa zenyewe hazizidi punje ya haragwe. Enzi hizo mwanamke akivaa saa kubwa anaonekana kituko. Macho ya Odile yakaishia hapo benchini.

Desturi ya kiwanda, ukitimiza miaka ishirini na tano unazawadiwa saa. Mwanamume kubwa, mwanamke ndogo. Siku ya Odile, aliisogeza yake hadi puani, akaigeuzageuza, kisha akamrudishia Bwana Calame, mwenye kiwanda.

“Bosi, hii siioni. Nipe ya kiume.”

“Ya kiume? Loo! Kesho utaniomba na suruali!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Odile akaichukua tena saa yake, akaitupia mkobani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuniuliza, “Shoga, saa ngapi?” Miaka minne baadaye akaanza kuharibu kazi, wakamrudisha nyumbani.

Juzi kiwanda kilitualika wastaafu chakula cha mchana. Nilimshika Odile mkono kupanda ngazi. Siku hizi bosi ni Solange, binti Calame, na mkononi ana saa ya kiume pana kama kifuniko cha chupa ya jamu.

“Wanawake tumevichoka vile vijisaa!” anasema. “Sasa tunavaa za wanaume, tena kwa madaha!”

Wazee walewale waliocheka ndio wanaopiga makofi. Nyongo ikanipanda, nikasimama.

“Huyu hapa aliiomba hiyo kabla hujaota meno. Baba yako akamcheka.”

Solange, si mtoto mbaya, akaja machozi yanamlengalenga, akaivua saa yake na kumfunga Odile mkononi.

“Pokea, mama. Tusamehe.”

Odile akaisogeza hadi puani, kama siku ile. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kisha akaniinamia.

“Shoga, saa ngapi?”

“Saa saba na robo.”

Akaifungua, akaisukuma mezani. “Mpeni mwenye macho.”

Soseji yake nilimkatia mimi.